Mbwa wa Mwisho wa Daphne

“Simama hivyohivyo, mpenzi, busu utanipa baadaye,” Noelene Pratley alimwambia mbwa aliyesimamishwa mezani mbele yake, na watu waliokaa pembezoni mwa ulingo wa mashindano ya mbwa wakacheka.

Mbwa alitingisha mkia. Alikuwa Kavalia, mbwa mdogo wa kupakatwa, mweupe mwenye mabaka ya hudhurungi, masikio marefu ya manyoya na macho makubwa kama ya ndama. Jina lake Nugget. Aliyemshikia kamba alikuwa Merv Hoskin, mfuga kondoo mstaafu, mrefu, mwenye mikono iliyozoea kubinua kondoo dume na sasa haikujua iishikeje kamba nyembamba kama uzi wa kiatu. Alivaa koti alilolivaa mara ya mwisho kwenye mazishi ya mkewe, Daphne, na jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Noelene na Merv walijuana tangu ujana, lakini ndani ya ulingo jaji hana rafiki. Hawakuwa wamesalimiana.

“Ana umri gani?” Noelene aliuliza, kama alivyowauliza wengine wote.

“Mitatu, jaji,” Merv alisema, kisha akashusha sauti. “Si unajua mwenyewe, Nole?”

“Nyamaza, Bwana Hoskin.”

Mikono ya Noelene ilikuwa na akili yake. Ilianza kupapasa mbwa wadogo alipokuwa msichana wa kumsaidia mama yake kuwaogesha watoto wa mbwa kwenye beseni, na tangu hapo haikuacha. Ilipita fuvu, ikafungua mdomo, ikashuka shingoni na kwenye mabega, ikatambaa juu ya mgongo. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Baada ya msururu mzima wa mbwa wenye viwiko vilivyochomoza na mapaja yaliyolegea, kumshika huyu kulikuwa kama kurudi nyumbani na kuvua viatu. Kisha akapitisha kiganja chini ya kiwiko cha kushoto ili kupima upana wa kifua, na kiganja kikasimama.

Baada ya kila pigo la moyo palikuwa na mtetemo. Mwembamba, wa haraka, kama nzi aliyefungiwa ndani ya ngumi.

Aliujua. Aliishi na mtetemo kama huo nyumbani kwake, kwenye kifua cha Rufus, bingwa wake, mpaka Rufus alipokufa. Na Rufus ndiye aliyekuwa baba yake Nugget.

“Jaji?” Colin, msimamizi wa ulingo, alimwita taratibu. “Kuna tatizo?”

“Hapana.” Noelene aliondoa mkono. “Mpeleke moja kwa moja hadi mwisho, urudi, halafu umzungushe.”

Merv aliondoka kwa hatua zake ndefu za malishoni, akiinama upande mmoja kama mtu anayebeba ndoo. Hakuna aliyemtazama. Wote walimtazama Nugget, jinsi alivyoteleza juu ya nyasi kavu za uwanja wa kijiji cha Wirrabilla, kichwa juu, mkia ukipunga kwa furaha, utadhani shoka za washindani wa kukata magogo kule ng'ambo ya uwanja zilikuwa zikimpigia ngoma yeye.

Noelene alisimama juani, akaona aibu mbele ya mbwa.

Daktari wa mifugo wa mjini ndiye aliyemwambia kuhusu Rufus, miaka mitatu na zaidi iliyopita. Alikuwa amempeleka Rufus kwa chanjo tu, lakini daktari, mwanamke kijana asiyependa maneno mengi, aliweka chombo chake kifuani mwa mbwa na kukaa nacho muda mrefu. “Kizibo kimoja cha moyo kinavuja,” alisema. “Ni ugonjwa unaorithiwa, na Kavalia unawaandama sana. Usimzalishe tena, Noelene.” Akarudi nyumbani, akampikia Rufus maini, na hakumwambia mtu. Rufus alikuwa matunda ya ukoo wa mbwa alioujenga maisha yake yote. Watu walikuwa wakisafiri siku nzima kumleta jike kwake.

Wiki ileile Daphne alikuja. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani, kwa sababu dawa za saratani zilikuwa zimemaliza nywele zake, na mikononi alimpakata jike lake la mwisho. “Nataka kuzalisha mara moja tu, Nole,” alisema. “Nimwachie Merv kitu cha kumtoa kitandani asubuhi.” Kisha akauliza, kwa sababu alikuwa mfugaji mzuri na mfugaji mzuri huuliza: “Moyo wa Rufus uko sawa?”

“Mzima kama ngoma,” Noelene alijibu.

Baadaye alijiambia kuwa ilikuwa huruma. Ungemnyimaje mgonjwa ombi kama lile? Lakini madume mengine yalikuwepo wilayani, mazuri, na angeweza kumpeleka Daphne huko kwa gari lake mwenyewe. Hakumpeleka. Alitaka liwe dume lake. Hapo ndipo mawazo yake yalipofika kila mara, na hapo ndipo alipoyakatiza kwa kwenda kuosha mabakuli ya mbwa.

“Jaji, tuko tayari,” Colin alisema.

Mbwa walikuwa wamepangwa mstari. Mshindani pekee wa kweli alikuwa jike la Glenys Tuckwell, lililokuwa zuri, lenye mgongo uliozama kidogo. Noelene angeweza kumweka Nugget wa pili na hakuna ambaye angeuliza. Angeweza kumtoa kabisa. Mwenye jike ndiye mzalishaji, na Noelene hakuwahi kummiliki Nugget, kwa hiyo kanuni zilimruhusu kumwamua atakavyo, na jaji hatakiwi kutibu. Anaamua kilicho mbele ya macho yake. Kilicho mbele ya macho yake kilikuwa mbwa bora kuliko wote. Alijiambia hivyo. Kisha akamtazama Merv, ambaye midomo yake ilikuwa ikisema kitu polepole, labda kwa mbwa, labda kwa Daphne, naye Noelene akainua mkono na kumnyooshea yeye kuwa mshindi.

Makofi yakalipuka. Merv alisimama pale kana kwamba ameitwa jina la mtu mwingine. Colin ilibidi amsukume mbele kidogo ili apokee utepe.

“Hongera, Bwana Hoskin,” Noelene alisema.

“Laiti Daphne angekuwepo,” Merv alisema. “Nole, angekuwepo leo!”

Alipomshika mkono, Noelene alijua kwamba hakuwa ametoa zawadi. Alikuwa amejaribu kulipia uongo wake kwa mali ya watu wengine.

*

Hema la chai lilikuwa limejaa harufu ya skonzi, jamu na vitambaa vilivyolowa jasho. Wanawake wa kijiji walimimina chai kutoka kwenye mabirika makubwa ya bati, na kila aliyepita alimpiga Merv begani. Yeye aliketi katikati ya meza ndefu, Nugget mapajani, utepe wa buluu umebandikwa kwenye koti la mazishi.

“Mbwa wa Daphne nilikuwa nawaita soksi zenye macho,” alikuwa akimwambia kila mtu. “Muulizeni Nole. Daphne akiwaleta ndani, mimi natoka nje na mbwa wangu wa kondoo. Soksi zenye macho! Na sasa nitazameni.”

“Sasa umekuwa mama wa soksi,” Glenys Tuckwell alisema, akiketi mbele yake na sahani. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliyekuwa ameshindwa asubuhi hiyo na tayari ameshasahau. “Haya, mzee, tuzungumze biashara. Jike langu litakuwa tayari mwezi ujao. Namtaka huyu bwana harusi.”

“Nugget? Kwako?”

“Kwangu, na kwa Yvonne wa ng'ambo ya mto, ameniambia nikushike kabla hujaondoka. Na akina dada wa Murrabool pia wanamtaka. Mwaka ukiisha utakuwa na wajukuu wilaya nzima.”

Merv aliweka kikombe chini. “Damu ya Daphne,” alisema. “Wilaya nzima.”

Noelene alikuwa amekaa kwenye kona ya meza, ameikata skonzi yake vipande vidogo bila kula. Alijiambia: atakapoinuka kwenda garini nitamfuata, nitamwambia tukiwa wawili. Atakapoinuka. Lakini Glenys alikuwa amemgeukia.

“Na wewe jaji wetu, uliyekuwa na baba yake. Nikuulize kabisa, maana hawa wetu na mioyo yao… Rufus moyo wake ulikuwaje?”

Lilikuwa swali lilelile, karibu kwa maneno yaleyale. Noelene alilisikia jibu likimjia ulimini lenyewe, limelainika, tayari kutoka. Mzima kama ngoma. Lilikuwa rahisi sana kiasi kwamba liliogopesha.

“Ulikuwa mbovu,” alisema.

“Nini?”

“Moyo wa Rufus ulikuwa mbovu. Ndio uliomuua. Na Nugget anao ugonjwa huohuo. Nimeugusa leo.” Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, na mwanamke wa birika akaacha kumimina. “Usilete jike lako, Glenys. Mwambie na Yvonne.”

Glenys aliisukuma sahani yake kando. Merv alikuwa ameinamisha kichwa. Mkono wake mkubwa ulisogea polepole kwenye manyoya ya mbwa, ukaingia chini ya kiwiko, ukatulia pale. Alikuwa hajui anachokitafuta. Alikitafuta tu.

Kisha akaondoka, Nugget kwapani.

Noelene alimkuta kando ya pikapu yake, chini ya mikalitusi, anajaribu kufungua mlango kwa funguo zisizo za gari.

“Merv.”

“Hizi ni za ghala,” alisema, akizitazama funguo. “Nimetoa za ghala.”

“Nilitaka kukwambia tukiwa peke yetu. Sijui imekuwaje.”

“Alikuuliza.” Hakugeuka. “Daphne. Nilimwambia, usimuulize Nole, utamuudhi, kwani Nole ni mtu wa kukuficha? Akasema lazima niulize, ndivyo inavyofanywa. Mimi nilikaa garini. Akarudi anatabasamu. Unakumbuka hakuwa akitabasamu siku zile, mdomo wake ulikuwa na vidonda? Akarudi anatabasamu.”

“Nakumbuka,” Noelene alisema.

“Ulikuwa unajua?”

“Ndiyo.”

“Siku ileile, ulikuwa unajua.”

“Ndiyo, Merv.”

Sasa aligeuka. Alionekana kama mtu anayejaribu kusoma kitu kwa mbali. “Ulituambia Rufus aliumwa na nyoka.”

“Hakukuwa na nyoka.”

“Nilikuja na koleo kumtafuta! Niliinua kila bati uani kwako. Nilichomoa kuni zote. Mgongo uliniuma juma zima. Na wewe ukaniletea limau na maji, ukasema, jaribu na kule nyuma ya tangi.” Alicheka, kicheko kikavu kisichokuwa na furaha ndani yake. “Jaribu nyuma ya tangi! Mungu wangu, mwanamke wewe.”

“Sikujua nikuzuieje bila kusema.”

“Ungesema.”

Nugget, aliyechoka kubanwa, alijinyoosha na kumlamba Merv kidevu. Merv alimhamishia mkono mwingine kwa uangalifu, kama mtu anayebeba mayai. Asubuhi alimbeba kama kifurushi cha magazeti.

“Atakufa lini?”

“Sijui. Anaweza kuishi miaka. Mpeleke akasikilizwe, kuna vidonge. Rufus alikuwa nao na alikula vizuri karibu mpaka mwisho.”

“Na humu ndani, sasa hivi, anaumwa?”

“Hapana. Bado hajui chochote.”

“Hata mimi nilikuwa sijui,” Merv alisema. “Nusu saa iliyopita. Ungeniacha na furaha yangu hata mpaka kesho, Nole. Ungeniambia kesho. Mimi kwanza, jikoni kwangu, siyo mbele ya skonzi za watu.”

“Ndiyo,” alisema. “Nilipaswa.”

Merv alizipata funguo za gari katika mfuko mwingine, akaondoka bila kumtazama. Noelene alirudi nyumbani na jambo moja: kwamba hata ukweli, alipoutoa hatimaye, aliutoa ili kifua chake yeye kipumue, na akauangusha juu ya mtu yuleyule.

*

Noelene hakuamua mashindano ya mbwa tena. Hakuna aliyemfukuza, alipiga simu kwa chama cha wafuga mbwa akawaambia wasimpangie, na sauti ya upande wa pili haikumbembeleza abaki. Kisha akaanza kuwapigia waliowahi kuchukua watoto wa Rufus, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alilia. Mmoja alikata simu. Mwalimu mstaafu wa Dunkeld Creek alimshukuru kwa adabu kubwa, na hiyo ndiyo iliyomchoma kuliko zote.

Aliwapeleka mbwa wake wote kwa yule daktari wa maneno machache. Waliokuwa na mtetemo aliwahasi. Waliobaki salama walikuwa wachache na wazee, na aliacha kuwazalisha nao. Banda la watoto wa mbwa, ambalo halikuwahi kukosa kelele tangu enzi za mama yake, alilifagia, akalifunga, na akawa analipita akienda kuanika nguo.

Glenys alikuja siku moja bila taarifa, akasimama mlangoni na koti lake la mvua.

“Nilikuwa nataka kukutukana,” alisema. “Nilifanya mazoezi njia nzima.”

“Ingia utukane.”

“Nimewapeleka wangu wakasikilizwe. Wote. Sikuwahi, unajua? Nilikuwa nawauliza wenzangu tu, nao wananiambia mzima kama ngoma, nami nawaambia hivyohivyo.” Alipangusa pua kwa mkono. “Wawili wanavuja. Umetuvua nguo, Noelene. Hakuna anayekupenda kwa sasa, nikwambie tu.”

“Na Merv?”

“Merv haendi popote.”

Kipupwe kilifika na barafu yake nyembamba asubuhi kwenye maji ya kuku. Noelene alimwona Merv mara moja tu, dukani kwa wauza chakula cha mifugo. Merv alimwona pia. Aligeuza mkokoteni wake akajificha nyuma ya magunia ya shayiri, mtu mrefu vile, kofia yake ikionekana juu muda wote, na Noelene akalipa haraka na kutoka ili asimlazimishe kuendelea kuinama.

Baridi ilipoanza kulegea, na migunga kando ya barabara ikachanua manjano, simu ililia wakati akimenya viazi.

“Anatema vidonge,” sauti ilisema. Hakujitambulisha. “Nimeweka kwenye jibini, anakula jibini anatema kidonge. Nimeweka kwenye soseji. Anatema. Juzi nimekikuta ndani ya kiatu changu.”

Noelene aliketi. “Siagi ya karanga?”

“Anailamba, anakiacha kikavu kama kimeoshwa. Rufus ulimpaje?”

“Kwa mkono. Nyuma kabisa ya ulimi, halafu unafunga mdomo na kupapasa koo.”

“Mikono yangu mikubwa. Mdomo wake huu, unaujua ulivyo.” Upande wa pili kunguru wa huko, weusi kwa weupe, walikuwa wakiimba. “Njoo ujaribu wewe. Siyo kwamba nimekusamehe.”

“Najua.”

“Nasema ili ujue.”

Noelene alimkuta Merv kibarazani kwake, amekonda, ndevu hazijanyolewa vizuri upande mmoja. Nyumba ilikuwa safi. Nugget alimkimbilia mgeni mpaka nusu ya uwanja, kisha akaendelea kwa kutembea. Tumbo lilikuwa limeanza kuchomoza kidogo, na alikohoa mara moja kama mzee anayetaka kuhutubia. Noelene alipiga magoti kwenye mbao za kibaraza, akamfungua mdomo kwa vidole viwili, akaweka kidonge, akafunga, akapapasa koo. Mbwa alimeza, akamtazama kwa macho ya kusalitiwa.

“Basi? Hivyo tu?” Merv alisema.

“Hivyo tu. Leta mkono wako.”

“Sitaki kumuumiza.”

“Leta, Merv.”

Alimwonyesha bila kidonge, mara ya kwanza na ya pili. Kidole chake kilikuwa kikubwa kweli, lakini mdomo ulifunguka na kufungika, na Nugget alivumilia kama anavyovumilia mtu anayepimwa suti. Merv alipumua kwa nguvu.

“Ananiamsha,” alisema, macho yake yakiwa kwa mbwa. “Alivyotaka Daphne. Anasimama kifuani kwangu asubuhi mpaka niinuke. Hata hasira zangu kwako, ananiamsha nazo, nainuka nazo, tunakwenda nazo mpaka bwawani.”

Noelene alikunja mikono yake juu ya magoti. Alitaka kuomba msamaha, akaona kuwa hata hilo lingekuwa la kujipumzisha yeye, akamkuna Nugget nyuma ya sikio.

“Chai bado hunywi na sukari?” Merv aliuliza.

“Bado.”

Akaingia ndani. Nugget hakumfuata, aliteremka ngazi, akaelekea bwawani peke yake kwa njia yake ya kila siku, kupita kondoo waliolala, akanywa maji, akawabwekea bata wawili bila nia mbaya. Merv alirudi na vikombe. Alimpa kimoja Noelene, aliyekuwa amehamia kwenye benchi, akaketi mwisho mwingine wake, na kati yao pakabaki nafasi ya mtu mmoja.

Mbwa alianza kupanda kurudi. Kilima hakikuwa kikali, lakini alipofika katikati alisimama, miguu imetanuka, ulimi nje, masikio yakipeperushwa na upepo. Wote wawili waliinuka. Merv aliweka vidole mdomoni apige mluzi, kisha akavitoa. Hakuna aliyemwita. Walisimama kibarazani, chai ikipoa mikononi, wakamsubiri apumzike.